Waya Mnene wa Chumba cha Mama

Kambi ya Nne, 3 Februari

Mama Pacha mpenzi,

Hamjambo nyote hapo? Mimi mzima, jua limenichoma mpaka masikio yanabanduka ngozi. Leo tumesimamisha mnara wa arobaini na moja. Simu huku ni ya kutazamia saa tu, kwa hiyo vumilia barua. Lori la chakula huja kila baada ya wiki mbili, ndilo linalozipeleka na kuzileta.

Kuna jambo najicheka mwenyewe. Mchana kutwa navuta waya wa kuwasha miji mizima, na nyumba yangu ninayoijenga haina hata swichi moja. Basi nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Sebuleni taa mbili na soketi nne. Jikoni soketi tatu, zikae juu ya meza, zisikaribiane na bomba la maji. Chumba cha pacha taa moja, soketi mbili, maana mmoja akichomeka kitu na mwenzake lazima achomeke. Chumba cha Mama taa moja na soketi moja zinatosha. Namjua mama yangu, akishakula chakula cha jioni anataka giza na kimya.

La muhimu kuliko yote: fundi umeme apitishe mabomba ya waya ukutani kabla mpiga plasta hajaingia. Plasta ikitangulia tutakuwa tunabomoa tulichojenga.

Nataka mhamie mwisho wa Aprili, hata kama mkataba wangu hauishi mpaka Desemba. Zile ngazi za hapo mnapopanga, ghorofa tatu kwa mtu wa umri wa Mama, zinaniudhi kila nikizikumbuka. Mwambie namsalimu sana. Mbona siku hizi haongezi hata mstari mmoja chini ya barua zako?

Mumeo,
Baba Pacha


18 Februari

Baba Pacha,

Barua yako imefika, mchoro nimeubandika ukutani juu ya cherehani. Pacha wameshaugombania, kila mmoja anataka swichi iwe upande wa kitanda chake.

Fundi umeme tumempata. Ni mtu mpole, mrefu, anatembea kama anayehesabu hatua. Ukimwuliza kazi inaisha lini anasema, "Kesho, shemeji." Ukimwuliza kesho yake, anasema hivyo hivyo. Pacha wamempa jina la Fundi Kesho, na mwenyewe analiitikia. Anapima ukuta mara tatu kabla ya kuuchora, kisha anafuta, anapima tena. Mpiga plasta alimngoja wiki nzima mwisho akachoka, akaingia akapaka chumba cha Mama na ukumbi. Najua ulichosema. Nilikuwa dukani nashona sare za shule, niliporudi ukuta ulikuwa umeshalowa na kulainishwa kama uso wa bwana harusi.

Nimebadilisha kidogo chumba cha Mama. Nimeomba soketi mbili pembeni ya kitanda, usawa wa goti, na ziwe na waya wake wenyewe unaotoka moja kwa moja kwenye boksi la umeme, usichanganywe na jiko wala taa. Fundi amesema waya mnene. Mama anataka redio na birika karibu.

Itabidi ukuta ule uchimbwe tena, kwa hiyo Aprili usiihesabie sana.

Mama hajambo, anakusalimu. Macho yanamsumbua kidogo, ndiyo maana haandiki.

Mkeo,
Mama Pacha


Kambi ya Nne, 7 Machi

Mama Pacha,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikidhani nimekosea. Waya mnene kwa ajili ya redio? Redio gani hiyo, ya kusikiliza au ya kutangazia? Na birika chumbani kwa mzee, maji ya moto pembeni ya shuka, hilo nalo ni wazo la nani?

Mimi nafanya kazi na umeme, mke wangu. Sisemi najua kila kitu cha nyumba, lakini waya mnene na waya mwembamba najua tofauti yake. Fundi wako anajiongezea kazi, wewe unamkubalia kwa kuwa ni mpole. Mwambie nimekataa. Soketi moja, waya ule ule wa vyumba vingine, ukuta usiguswe.

Nimeahidi mbele ya Mama kwamba hatapanda ngazi zile mvua za Mei zikianza. Kila wiki unayoipoteza kwa mapambo unampandisha wewe. Samahani kama maneno ni makali, lakini huku mtu hana wa kuzungumza naye, unakaa na jambo moja kichwani mpaka linaota pembe.

Macho ya Mama yakoje? Mpeleke kwa daktari.

Baba Pacha


21 Machi

Baba Pacha,

Ukuta nimeshauvunja. Barua yako imefika siku mbili baadaye, na hata ingetangulia ningevunja tu. Nimeshika patasi mwenyewe kwa sababu kibarua hakutokea. Vumbi la plasta limeniingia mpaka kwenye nywele, na Fundi Kesho alisimama nyuma yangu akisema, "Taratibu shemeji, ukuta haujakukosea."

Nimeongeza na jingine, bora ulisikie kutoka kwangu. Kwenye ukumbi, nje ya mlango wa Mama, kutakuwa na betri kubwa na mashine yake ndogo ya kuigeuzia umeme, ili ukikatika barabara nzima soketi zile mbili ziendelee. Zile mbili tu. Mimi na wewe na pacha tutakaa gizani kama watu wengine.

Mkaguzi wa umeme alikuja baada ya kumngoja siku kumi na saba. Akatazama dakika tano. Akasema boksi la mita limewekwa ukuta usiotakiwa, lihamishwe, kisha tuombe upya. Nilimfuata mpaka getini nikimsihi, akanionyesha orodha ya majina iliyojaa kurasa mbili. Mtu naye anafanya kazi yake. Nilirudi ndani nikakaa sakafuni.

Nakuomba kitu kimoja. Miaka kumi na minne ya ndoa sijakuvunjia hata kikombe kwa makusudi. Nimekuvunjia ukuta. Niamini kwamba nina sababu, na usiniulize sasa. Yapo mambo si yangu kuyaandika.

Mama anakusalimu. Siku hizi hashuki chini ila kwa lazima, anasema ngazi zimemchosha. Anakaa dirishani.

Mama Pacha


Kambi ya Nne, 4 Aprili

Mama Pacha,

Nilikuwa nimeanza barua nyingine, mbaya. Nimeichana.

Jumatatu nilibanwa kidole gumba na koleo, nikapelekwa zahanati ya kambi kufungwa. Kwenye kitanda cha jirani amelala dereva wa tingatinga, vumbi la miaka limemkaa mapafuni. Pembeni ya kichwa chake kuna mashine ukubwa wa ndoo, inanguruma polepole. Nikaufuata waya wake kwa macho, ni mazoea tu. Soketi ya peke yake, usawa wa goti. Waya mnene. Chini ya kitanda, betri.

Nikamwuliza muuguzi, "Betri ya nini na sisi tuna jenereta?"

Akanijibu, "Jenereta ikizima tunangoja dakika tatu iwake. Huyu hawezi kungoja."

Barua zako zilikuwa mfukoni. Nilizisoma zote pale pale kwenye benchi, kidole kikiwa kinatoka damu.

Mama anapumua vipi?

Mumeo


18 Aprili

Baba Pacha wangu,

Nitakuambia. Nimemwonyesha Mama swali lako, akasema, "Basi, mwandikie. Na mimi nitaandika." Ya kwake iko humu ndani.

Ilikuwa Januari, wiki moja tu baada ya wewe kurudi kambini kutoka likizo. Alikuwa anapanda na kikapu cha mboga. Nilisikia vitunguu vikidunda kwenye ngazi kabla sijasikia kitu kingine. Nikamkuta amekaa kwenye kona ya ghorofa ya pili, midomo imebadilika rangi, ananionyesha kwa kidole niokote vitunguu. Hata maneno hayakutoka, lakini vitunguu!

Daktari alisema mapafu yamechoka. Vumbi la unga, miaka ishirini na sita kiwandani. Akasema ataishi, na ataishi vizuri tu, lakini kwa mashine, saa kumi na sita kila siku. Hospitali ina ya kuazima, ila hawamwazimi mtu mpaka waone umeme wa kuaminika nyumbani. Hapa tunapopanga unaujua ulivyo. Majirani wawili wakiwasha majiko pamoja, jengo zima linazima. Kwa hiyo tangu Februari analala wodini siku nne za wiki, tatu yuko hapa na chupa ya gesi ya kupumulia ambayo pacha wanaisukuma kwenye kiti cha magurudumu kama mtoto wa tatu. Wameficha siri hii kuliko mimi.

Alinishika mkono palepale hospitalini. "Mwanangu akijua ataacha kazi." Nikamwambia siwezi kumdanganya mume wangu. Akasema, "Usimdanganye. Usimwambie tu." Wewe mwenyewe unajua ukibishana na mama yako unavyotoka. Mambo ya macho nilitunga mimi, hilo ni langu, na nimelibeba vibaya. Kila uliponiandikia "mpeleke kwa daktari" nilijisikia kama nimekupiga kofi.

Fundi Kesho naye nilimficha mwanzoni. Nilipomkaripia kwa kuchelewa mbele ya vibarua, akaniuliza kwa upole, "Shemeji, redio gani inakuliza?" Nikamweleza yote. Akaketi juu ya ndoo ya rangi, akavua kofia. Akasema mashine ya kupumulia haipewi waya wa kubahatisha, na akang'oa kazi yake ya siku tatu ambayo mimi niliiona nzuri kabisa, kwa sababu kiungo kimoja hakikumridhisha. Nilitaka kulia na kumpiga. Sasa nashukuru. Anakuja alfajiri kabla ya kazi zake nyingine, na haniambii tena kesho. Ananiambia, "Nikimaliza utajua."

Mume wangu, ungekuwa hapa ningekupigia magoti. Uko mbali, basi nakuandikia tu: nisamehe. Nilichoka kuwa peke yangu na jambo hili kuliko nilivyochoka na ukuta.

Mkeo,
Mama Pacha


Siku hiyo hiyo

Mwanangu,

Nimesikia umeshajua. Umejulia kwenye waya. Sawa, ndiyo kazi yako.

Mkeo usimgombeze. Aliyekuficha ni mimi, mkono tu ndio ulikuwa wake. Mimi nilimpa mzigo ambao mama mkwe hampi mtu, na hakuniambia hata siku moja kwamba ni mzito. Ananiosha mgongo akiimba ili nisione aibu. Sauti yake ya kuimba unaijua.

Usije. Wewe uliacha kazi ya bandarini nilipovunjika mguu, ukaacha ya reli baba yako alipofariki. Hii usiiache. Na kuna sababu nyingine, naisema kwa kuwa karatasi haina macho. Ukija utanitazama. Nikitazamwa napumua vibaya.

Naandika mistari mitatu, napumzika. Usidhani nalia hapo penye nafasi. Nimepumzika tu.

Macho yangu ni mazima. Namwona mpaka muuguzi wa wodini anavyochungulia saa yake akidhani simwoni.

Sijui kama nitaizoea mashine. Inanong'ona sikioni kama jirani mmbeya. Lakini siku nikiivaa naweza kumaliza sentensi, na wewe unanijua, mimi nina sentensi nyingi.

Kula vizuri.

Mama yako


30 Mei

Baba Pacha,

Umeme umewaka!

Barua yako ya mwanzoni mwa mwezi nimeikunja ndani ya kitambaa cha kichwa, sitaki pacha waisome. Hukuwa na haja ya kuomba radhi mara nne. Mara moja ingetosha, tatu nimeziweka akiba. Na nimefurahi mkuu wa kambi amekupa ruhusa ya siku saba. Mama amesema, "Nilimwambia asije," kisha akataka nimsuke nywele.

Mkaguzi alirudi Jumanne. Alipofika mlango wa Mama akasimama muda mrefu akitazama zile soketi mbili, akapima waya wa ardhini, akapima tena, akauliza nani kafanya. Fundi Kesho akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Mkaguzi akatia saini. Jioni ile ile mita ikafungwa, na kesho yake watu wa hospitali wakaja na mashine.

Kumshusha Mama safari hii ya mwisho ndiko kulikuwa kazi. Majirani wanne, wakiwemo wale wa majiko, walimbeba kwenye kiti ghorofa zote tatu. Alikuwa anawaelekeza: "Kushoto. Kushoto kwako, si kwangu." Walipofika chini walikuwa wanahema kuliko yeye.

Sasa nikuambie la jana. Saa saba mchana nilikuwa jikoni nasaga nyanya, mashine ya kusagia ikazima. Feni ikazima. Nikatazama nje, duka la mbele giza, kinyozi amesimama mlangoni na mteja aliyenyolewa nusu. Nilikimbia, Baba Pacha. Nilikimbia ukumbini na kisu mkononi, nimesahau kukiweka. Nikasimama nje ya mlango, siwezi kuufungua.

Nikasikia inanguruma. Taa ndogo nyekundu ya betri imegeuka kijani, na ndani mashine inaendelea kama hakuna kilichotokea. Mama alikuwa amelala usingizi wa mchana. Umeme ulirudi baada ya saa mbili na robo. Hakujua kabisa.

Nimekaa pale ukumbini saa zote mbili, mgongo kwenye ukuta ule niliouvunja.

Njoo.

Mama Pacha


Kambi ya Tano, 24 Juni

Mama Pacha wangu,

Nimefika salama, lori lilikwama mara moja tu.

Siku saba zimepita kama moja. Nilifika nikiwa nimejiandaa kukagua kila swichi, wewe ulijua, ulikuwa unanichungulia. Nilifungua boksi la umeme nikatazama kazi ya yule bwana, nikalifunga. Nimesimamisha minara hamsini na tisa, na sijawahi kufunga waya kwa unadhifu ule.

Alhamisi, ulipokuwa dukani, nilikaa na Mama. Nilijitahidi kutomtazama kama alivyoagiza. Nikatazama dirisha, nikatazama viatu vyangu. Mwisho akacheka, akasema, "Sasa nitazame, unanichosha." Nikamtazama. Amepungua, Mama Pacha. Mikono imebaki mifupa. Nikamwuliza kama anaogopa. Akavuta pumzi, akafikiri. Akasema, "Kule kwenye ngazi niliogopa. Nilitaka kuita jina la mkeo na sauti haikutoka. Hapa nikiita, mtu anaitika."

Kisha akanituma maji, nadhani hakutaka nimwone akilia.

Kuna jambo nilitaka kukuambia stendi, lakini pacha walikuwa wananing'inia mabegani. Nilipokuwa nakasirika Machi, nilikuwa nakasirikia ukuta. Wewe ulikuwa unapanda ngazi zile na mgonjwa, unashona, unabembeleza wakaguzi, halafu unakaa kuniandikia kwamba wote hamjambo. Mimi ndiye niliyekuzoesha hivyo. Kila barua yangu ilikuwa na maagizo. Ulinijua: ukinipa tatizo nitatafuta koleo, na lisilotengenezeka kwa koleo nitaligombeza.

Basi nakuomba. Kuanzia sasa niandikie kila kitu. Hata nisichoweza kukitengeneza. Hasa hicho.

Mumeo


8 Julai

Baba Pacha,

Unataka kila kitu. Haya.

Mama hakuamka vizuri Jumapili. Daktari amekuja nyumbani, ameongeza kipimo cha mashine, sasa ni mchana na usiku, anaivua wakati wa kula tu. Hakusema mengi, na mimi sikumwuliza mengi kwa sababu niliogopa majibu. Leo Mama amekula uji kijiko kwa kijiko na amemtukana mtangazaji wa habari, kwa hiyo nadhani wiki hii tuko salama. Wiki ijayo sijui.

Pacha wa kwanza ameshindwa mtihani wa hesabu. Wa pili amefaulu na anamwonea huruma mwenzake mpaka amekataa kula.

Taa ya ukumbini inapepesa. Dari la chumba chetu lina doa la maji.

Nimechoka. Juzi nilikuwa nafua shuka za Mama, nikalia kwenye beseni, sijui kwa muda gani, mpaka maji ya sabuni yakapoa. Kisha nikasikia ananiita, nikanawa uso nikaitika.

Nakukumbuka. Upande wako wa kitanda nimeweka nguo za kukunja ili usionekane mtupu.

Huko uliko huwezi kutengeneza hata kimoja kati ya hivi, na sikuandikii ili utengeneze. Hayo ndiyo yote. Hakuna nililobakiza.

Mkeo,
Mama Pacha